Ukurasa wa Kumi na Saba wa Vidole Vyepesi

Mjomba wangu alikuwa bingwa wa Panzi Mlafi, na hilo tulilijua kabla hatujajua kusoma. Watoto wa nyumba nyingine walihadithiwa habari za sungura na fisi. Sisi tulihadithiwa jinsi mjomba, akiwa na miaka kumi na minane, alivyokaa mbele ya televisheni ndogo kwenye karakana ya babu, aliyekuwa fundi redio, akamwongoza panzi wa kijani kula shamba zima la mahindi huku kuku wakimjia kutoka pembe zote nne. Mashine yenyewe ya mchezo ililetwa kutengenezwa na mteja ambaye hakurudi tena kuichukua. Namba juu ya kioo zilipanda hadi elfu themanini na nane na ushei. Jarida la michezo ya video la wakati ule, *Vidole Vyepesi*, likatangaza mabingwa, na posta ikaleta fulana ya njano yenye panzi kifuani. Mjomba aliivaa fulana ile hadi ikabaki kola.

"Ushahidi uko wapi?" tulimwuliza tulipokua tukaanza ubishi.

"Toleo la ishirini na tatu," alijibu bila kupepesa macho. "Lakini siku hizi nani analo?"

Maktaba tulikuwa nalo. Nilifanya kazi pale miaka minane bila kujua, kwa sababu masanduku ya chumba cha chini hakuna aliyeyafungua, hadi mwaka huu tulipopewa skana. Si ile ya mezani ya kuingiza karatasi moja moja. Hii ni kubwa kama kabati la nguo, ina kitanda cha kulaza kitabu, kioo kizito cha kukibana, na kamera mbili juu. Wafadhili waliotupatia walitaka ripoti ya kazi baada ya miezi mitatu. Mkurugenzi wetu, mtu anayeogopa ripoti kuliko anavyoogopa moto, akatuita ofisini, mimi na fundi wa skana.

"Msije mkaanza na kumbukumbu za serikali mkanitia matatani," alisema. "Anzeni na kitu ambacho kikichanika hakuna atakayelia."

Tulishuka chini, tukapanda na masanduku manne. Ndani yake mlikuwa na *Vidole Vyepesi*, matoleo sitini na moja, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Tulipiga simu maktaba zote tunazozijua, hakuna iliyokuwa na hata kumi. Mkurugenzi akafunua moja kwa ncha za vidole, akaona picha ya chura amevaa kofia ya rubani.

"Vichekesho vya watoto! Hayo hayo. Hata yakiliwa na mchwa ni faida."

Basi tukaanza. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na pembe zake zilivunjika kama biskuti. Pini za katikati zilishika kutu, ikabidi nizitoe moja moja kwa kibanio, nifute vumbi la kutu kwa brashi laini, kisha nimpe fundi. Fundi huyu zamani alikuwa na studio ya picha, na sote tunamwita Pumzi, kwa sababu kila akigeuza ukurasa hubana pumzi asije akapeperusha kipande. Jarida moja lina kurasa sitini. Kila akimaliza toleo ilibidi akae kwenye kiti dakika tano, kizunguzungu kimtoke.

Jioni ya siku ya kwanza nilifika nyumbani nimejawa na furaha. Naishi na mama yangu, muuguzi mstaafu, na mjomba, kaka yake, ana chumba chake uani. Ni fundi saa. Watu wanamletea saa hadi leo. Tulikuwa mezani tunakula.

"Mjomba, leo utafurahi," nikasema. "Tumepata *Vidole Vyepesi*. Yote sitini na moja. Tunayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, kisha tunayaweka kwenye mtandao. Dunia nzima itaona jina lako."

Maji yakampalia. Mama akainuka akampiga mgongoni kwa kiganja cha kiuguzi, pa, pa, pa.

"Yote?" mjomba akauliza alipopata sauti.

"Yote."

"Mpwa wangu, karatasi za zamani zina vijidudu. Utapata pumu. Dada, mwambie mtoto."

"Anavaa glavu na barakoa," mama akasema. "Wewe ndiye umebadilika rangi. Toa ulimi nione."

Tangu siku hiyo mjomba, ambaye kwa miaka minane hakuwahi kukanyaga kazini kwangu, akawa anakuja kila adhuhuri. Mara kaniletea mwavuli na jua linawaka. Mara kaja kuangalia saa ya ukutani ya maktaba, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Akimaliza salamu huuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Mmefika toleo la ngapi?"

"La tisa."

"Ah. Polepole tu. Msiharakishe."

Tulipofika la kumi na tisa alimshika Pumzi mkono, akamwambia kwamba mtu anayebana pumzi namna ile anahitaji likizo, tena ndefu. Pumzi aliguswa sana. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumjali hivyo kazini.

Toleo la ishirini na tatu lilitufikia siku ya Jumanne. Nililifungua mwenyewe, nikafululiza hadi kwenye "Ukuta wa Mabingwa". Ukurasa wa kumi na sita ulikuwepo, na chini yake pameandikwa: *Bingwa wa Panzi Mlafi ni nani? Fungua ukurasa!* Nikafungua. Nikajikuta niko ukurasa wa kumi na tisa.

Karatasi yenye kurasa za kumi na saba na kumi na nane ilikuwa imekatwa. Haikuchanwa, ilikatwa kwa wembe, karibu kabisa na mkunjo wa katikati, mstari umenyooka kama uzi.

Kuna mambo mkutubi huyasamehe. Anayekunja pembe ya ukurasa nitamwombea. Anayekata karatasi kwa wembe, sina msalie mtume naye. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa maktaba na kwenye tovuti yetu, lenye herufi nyekundu, nikimtaka mwizi wa ukurasa wa kumi na saba, au yeyote mwenye nakala nyingine, ajitokeze. Kwa siku mbili tangazo lile lilisomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote tulichonacho. Wazee kwa vijana waliandika kukumbuka *Vidole Vyepesi*, lakini toleo la ishirini na tatu hakuna aliyekuwa nalo.

Nyumbani nililalamika hadi mama akachoka kunisikiliza.

"Kinachoniudhi zaidi," nikasema nikifungua chupa ya chai, "ni kwamba si mtu hovyo. Ametumia rula. Hakugusa hata pini. Mtu huyu, kwa kweli, ana mkono mzuri sana."

"Asante," mjomba akasema.

Tukamwangalia.

"Asante kwa chai," akaongeza.

Kikombe chake kilikuwa kitupu. Mama aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, akamhesabia mapigo ya moyo, akatikisa kichwa. "Huyu anaumwa, ila hataki kusema," aliniambia jikoni. "Hali vizuri, anajibu asichoulizwa. Mwangalie sana."

Mimi nilikuwa na wazo jingine, na sikulipenda. Asubuhi nilienda moja kwa moja kwenye vitabu vya wasomaji. Zamani majarida hayakuazimwa. Ulijiandikisha, ukapewa, ukasoma palepale, ukarudisha. Nilikipata kitabu cha mwaka ule kimejaa vumbi. Toleo la ishirini na tatu lilifika maktaba siku ya Ijumaa. Msomaji wa kwanza alilichukua saa tatu na nusu akalirudisha saa nne kasoro dakika tano. Msomaji wa pili alilichukua saa nne kamili, na kwenye safu ya maoni akaandika: *Ukurasa wa 17 haupo!!!*

Sahihi ya msomaji wa kwanza ilimalizika kwa mkia uliojikunja kama wa jogoo. Sahihi hiyo naiona kila mwezi kwenye risiti za saa.

Nilirudi nyumbani mchana huohuo. Mama alikuwa sokoni. Mjomba alikuwa chumbani kwake, lenzi jichoni, saa ya mtu imefunguliwa matumbo juu ya kitambaa. Niliweka kitabu cha wasomaji mbele yake, nikaweka kidole kwenye ule mkia wa jogoo.

Alitazama kwa lile jicho lenye lenzi, kwa hiyo nadhani aliiona sahihi yake kubwa kama nyumba. Akaivua lenzi. Hakubisha. Alisimama, akaiendea saa kubwa ya ukutani, ile ambayo tangu nizaliwe imesimama saa kumi na dakika ishirini. Tukimwuliza kwa nini fundi saa ana saa mbovu, alituambia ameiacha hivyo kwa heshima ya marehemu babu. Akafungua mlango wake mdogo, akapenyeza vidole nyuma ya mtambo, akavuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Saa ikasema *tak*, ikaanza kwenda.

"Ndiyo iliyokuwa inaizuia," akasema.

Niliikunjua juu ya kitanda chake. Kitu cha kwanza nilichoona ni picha yangu. Msichana amekaa kando ya televisheni, nywele kasuka mbili, mwanya mbele, kashika kadi yenye jina. Sura yangu mimi, ila jina lilikuwa la mama. *Bingwa wa Panzi Mlafi: 88,650.* Chini yake, kwa herufi ndogo, bila picha, lilikuwepo jina la mjomba. *Wa pili: 88,640.*

"Mjomba!"

"Najua."

"Mama ndiye bingwa?"

"Alikuwa anacheza nikienda mpirani. Sikujua. Akamwita mpiga picha, akapigwa pamoja na kioo chenye pointi zake, akatuma kimyakimya. Alikuwa na miaka kumi na sita, mpwa wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kile kishikio cha kumwongozea panzi!"

"Na ulikwenda maktaba na wembe kabisa?"

"Wembe ulikuwa wa kuchongea penseli," akasema kwa uchungu. "Na rula nilikwenda nayo nipige mstari chini ya jina langu."

Hapo nilitaka kucheka, nikajibana. Akaendelea kueleza, macho sakafuni. Mji mzima ulikuwa na nakala moja tu, ya maktaba. Aliwaza: dada akija kesho kuliangalia, nitatazamana naye vipi? Akakata. Mama alipomwuliza kama picha yake imetoka, alimwambia walioendesha jarida wamesema ilikuwa na giza, namba hazikusomeka. Wiki tatu baadaye posta ikaleta fulana, juu ya bahasha pameandikwa "Bingwa wa Panzi Mlafi, kwa Fundi Redio". Babu, bila kuuliza, akamrushia mwanawe wa kiume.

"Nilitaka kusema siku ile ile," mjomba akasema. "Ila ilinienea vizuri sana."

Nilimpa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikamwambia kazi ya maktaba haingoji haya ya mtu: ukurasa utarudi mahali pake na utapigwa picha, hivyo mama atasikia kutoka kwake au atasikia kutoka kwenye mtandao. Akaapa atamwambia. Akautia ukurasa ndani ya bahasha kubwa ya kaki, na kuanzia hapo akawa anatembea nao ndani ya koti. Jumatano alimfuata mama jikoni, akasimama, akasema, "Dada," akanywa maji, akatoka. Alhamisi alimfuata kwenye kamba ya nguo, akasema, "Dada, sisi sote ni wa kufa," akarudi ndani.

Kwa mama hilo lilitosha. Bahasha ya kaki, kukosa hamu ya kula, maneno ya kufa. Amefanya kazi wodini miaka thelathini. Anaijua bahasha ya hospitali hata ikiwa ndani ya koti.

Ijumaa mjomba alishindwa kabisa kusema nyumbani. Alikuja maktaba saa nne asubuhi, akaniambia atauweka ukurasa kwenye skana kwa mkono wake mwenyewe, halafu atahamia mji mwingine. Pumzi alikuwa tayari amelaza toleo la ishirini na tatu chini ya kamera. Mjomba akatoa bahasha. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mama akaingia anahema, kitambaa cha kichwa upande.

"Nipe hiyo bahasha!"

"Dada, ngoja..."

"Nimekufuata tangu nyumbani! Unaleta majibu yako kwa mtoto, mimi muuguzi unanificha? Ni moyo? Ni ini? Nipe!"

Mjomba aliinua bahasha juu ya kichwa. Mama ni mfupi, lakini amewahi kuwalaza kitandani wanaume wenye wazimu wa homa. Alimkanyaga mguu kidogo tu, kitaalamu, mkono ukashuka wenyewe, bahasha ikawa yake. Akavaa miwani. Akakunjua karatasi.

Alisoma taratibu, kuanzia juu. Aliitazama picha. Alisoma namba. Akageuza, akasoma ukurasa wa kumi na nane wote, pamoja na tangazo la sabuni na barua ya msomaji aliyelalamika kwamba chura mwenye kofia ya rubani hana heshima. Kisha akarudi ukurasa wa kumi na saba. Pumzi alikuwa amebana pumzi tangu bahasha ilipofunguliwa, uso unaanza kuwa wa zambarau.

"Elfu themanini na nane, mia sita na hamsini," mama akasema.

"Ndiyo," mjomba akajibu.

"Na wewe mia sita na arobaini."

"Ndiyo."

"Hindi moja lilikuwa pointi ngapi?"

"Kumi."

"Kwa hiyo umenificha miaka arobaini na miwili kwa ajili ya hindi moja."

Mama aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na ile fulana. Fulana nilikuwa naifua mimi. Kwa mikono yangu hii. Na wewe umesimama pembeni unaniambia, 'Usimsugue panzi, dada, atabanduka!'"

Pumzi alishindwa, akaachia pumzi yote kwa mkupuo, akatafuta kiti. Mimi nilijifanya natafuta brashi. Niliposimama, mama alikuwa na machozi, na sikuweza kujua ni ya namna gani. Alimkabidhi Pumzi ukurasa kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Mpige vizuri huyo msichana," akasema. "Asitoke na giza."

Siku tisa hakusema na kaka yake. Aliishi naye, akampikia, akamwekea maji ya kuoga, lakini maneno yote yalipitia kwangu, hata tukiwa meza moja. "Mwambie mshindi wa pili anisogezee chumvi." "Mjomba, umeambiwa chumvi." "Mwambie nasogeza." Nilikula chakula cha baridi siku tisa.

Wakati huohuo nilikuwa na vita vya maelezo ya kumbukumbu. Kila ukurasa wenye kasoro lazima uandikiwe historia yake kwenye mfumo. Nilikuwa nimeandika: *Karatasi iliondolewa, imerejeshwa.* Mama akaja ofisini kusoma, akasema hakuna kitu duniani kinachojiondoa chenyewe. Mjomba naye akaja, akaomba tuandike "ilihifadhiwa kwa uangalifu mahali pakavu", na kusema kweli hilo halikuwa uongo, karatasi ile ilikuwa na hali nzuri kuliko nyingine zote. Mwisho, baada ya kukimbizana mara nne, tukaandika: *Karatasi ilikatwa kwa wembe na mshindi wa pili, ikahifadhiwa naye mahali pakavu, ikarejeshwa kwa mkono wake.* Mama alitaka "kwa mkono wake" iondolewe kwa kuwa ni yeye aliyempokonya. Mkurugenzi akaamua, kwa niaba ya taasisi, ibaki.

Maana Mkurugenzi sasa alikuwa mtu mwingine. Tangazo la wembe lilikuwa limesomwa na watu wengi sana, wafadhili wamempigia simu kumpongeza, na yeye anazungumza habari za "urithi wetu wa kidijitali" kama aliyezaliwa nao. Akaandaa uzinduzi, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kusomea. Pumzi aliweza kuupata mchezo wenyewe kwa watu wanaokusanya vitu vya aina hiyo, akauwasha kwenye kompyuta, picha ikaonekana ukutani. Mama akakaribishwa mbele kama bingwa. Mjomba alikaa safu ya mwisho, nyuma ya nguzo.

Mama akashika kishikio. Panzi akala mahindi matatu, akageuka kushoto, akaangukia mdomoni mwa kuku. Ukumbi ukapiga makofi ya heshima. Akajaribu tena, akafika mia mbili na kumi, kuku wakammaliza. Akageuka kutazama watu.

"Mshindi wa pili yuko wapi?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwenyewe bila mimi kutumwa.

Mjomba alitoka nyuma ya nguzo kama mtu anayeitwa mahakamani. Akakaa. Akashika kishikio, na sote tuliokuwa karibu tuliona anafanya nini: anampeleka panzi moja kwa moja kwa kuku. Pointi sitini, amekufa.

Mama akamzaba kofi la bega. "Usinihurumie! Mimi si mgonjwa wako. Cheza!"

Akacheza. Mgongo ukanyooka, ulimi ukatoka pembeni mwa mdomo, vidole vya fundi saa vikaanza kwenda. Elfu moja. Elfu tatu. Watu walianza kusimama. Kuku walimzunguka panzi, panzi akapenya. Alipofika elfu saba mia nne na ishirini jogoo mwekundu alimkatia njia, mchezo ukaisha, na mjomba akabaki ameshika kile kishikio, hathubutu kuangalia upande wa dada yake.

Mama ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Hiyo ni yako," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Andika, mwanangu. Na tarehe uiweke."

Nikaandika. Walipoondoka niliwafuata hadi mlangoni. Walikuwa wanashuka ngazi pamoja, mkoba wa mama ameubeba mjomba, na mama anamwambia kwamba shamba la nne lina tundu upande wa kulia, alijua tangu zamani, hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Tundu?" mjomba akasimama katikati ya ngazi. "Tundu gani? Kulia wapi? Dada, miaka yote hii!"

"Tembea," mama akasema. "Nitafikiria kama nikuambie."